Sahihi Themanini na Tisa

Sehemu ya kumi na moja

Kitasa cha mlango wa bafu bado kiko mkononi mwa Mama Mkwe. Tumemwacha amekishika siku saba nzima, na kwa umri wake hilo si jambo la haki. Basi tumruhusu akizungushe.

Ila kwanza, kwa wewe uliyeazima gazeti la jirani leo tu: huyu Mama Mkwe ni mwalimu mkuu mstaafu. Amefika siku moja kabla ya siku aliyoahidi, kwa sababu kwake ukaguzi wa kupeana taarifa ni chai ya wageni. Amemleta mjukuu wake, Kidoti, mwenye miaka minne na doa moja dogo jeusi shavuni. Na amekuja kumkagua mama wa Kidoti, Msusi, ambaye zamani alivuta kioo, ile methi inayopikwa majumbani kwa makemikali. Leo Msusi ametimiza siku ya themanini na tisa bila kuigusa. Kesho ni ya tisini, na kesho, kwa makubaliano ya kliniki na familia, Kidoti anarudi kulala kwa mama yake.

Nyuma ya mlango yumo mume wa Msusi, Fundi Friji. Ndiye mdhamini. Kila siku hutia sahihi kwenye kadi ya mkewe kuthibitisha kwamba nyumba hii ni safi.

Asubuhi ya leo Msusi alifunua ndoo ya nguo chafu. Akakuta mirija ya mpira, chupa zenye mabaki ya manjano, na harufu ambayo pua yake iliitambua kabla kichwa hakijakubali. Mdhamini wake ni mpishi.

Msusi akisema, sahihi zote zinafutika, anarudi siku ya kwanza, na Kidoti anarudi kwa bibi yake. Akinyamaza, Kidoti anakuja kulala ndani ya sumu.

Kitasa kikazunguka.

Mlango ukafunguka kabla haujasukumwa. Fundi akatoka, deki mkononi, jasho usoni, tabasamu sikio hadi sikio.

"Shikamoo, Mama! Nilikuwa nasafisha kidogo."

"Marahaba, mwanangu."

Mama Mkwe akachungulia ndani. Vigae vinang'aa. Sinki linang'aa. Ndoo zimepangwa kwa kimo, kama watoto mstarini. Akavuta pumzi ndefu mpaka kifua kikajaa.

"Unaisikia hiyo?" akamwuliza Msusi.

Msusi aliisikia.

"Hiyo ndiyo harufu ya usafi! Inachoma pua mpaka machozi yanakutoka. Huyu ndiye niliyemzaa mimi. Wewe ungekuwa unaosha bafu namna hii, mambo yasingefika yalikofika."

"Ndiyo, Mama."

"Na vidole vimefanya nini?"

Fundi alikuwa na bandeji vidole viwili. "Friji ya mteja, Mama. Gesi imeniunguza."

"Pole, baba. Afadhali kuungua kwenye kazi halali."

 Msusi alikuwa anaitazama ile deki. Ilikuwa kavu kabisa. Halafu akatazama bafu lilivyo tupu, akaanza kujiuliza: vile vitu vya asubuhi vimekwenda wapi?

* * *

Ukaguzi ukaanza. Mama Mkwe hakukaa. Siku hizi hakai. Alipita na leso yake akifuta meza iliyokwishafutwa, akaifuta tena, akarudi akaifuta mara ya tatu.

"Nani kaisuka deki?"

"Mimi, Mama."

Deki ilikuwa imesukwa mistari sita ya kwenda nyuma, safi kama kichwa cha bibi harusi. Pindo za mapazia zilikuwa zimesukwa. Kamba ya taa imesukwa. Sungura wa kitambaa wa Kidoti alikuwa na masikio yaliyosukwa kwa uzi mwekundu.

"Hamu ikija nasuka chochote kilicho karibu," Msusi akaeleza. "Nesi wa kliniki ndiye aliyenifundisha. Mikono ikishughulika, baada ya muda inapita."

"Na deki ikishasukwa inapigaje deki?"

"Haipigi."

"Mm." Mama Mkwe akafungua daftari, akaandika. Mwalimu mkuu aliyekamata watoro kwa miaka thelathini na nne hakujiuliza mwanawe amesafisha bafu kwa deki gani.

Fundi akadakia haraka. "Magoti je, Mama? Nimekuletea chupa mpya."

Akaichomoa mfukoni, chupa ndogo ya plastiki isiyo na karatasi yoyote, kama aliyekumbuka jambo ghafla. Mama Mkwe akaipokea kwa mikono miwili. Akakamata glasi ya maji ya Msusi bila kuomba, akameza vidonge viwili hapo hapo.

"Mwanangu ananijali! Miezi miwili tangu anianzishie dawa hii, nimesahau neno uchovu. Nimepungua kilo tisa. Usiku nalala kwa saa tatu tu, naamka, nafua mapazia. Chakula mpaka nikumbushwe."

"Daktari wako ameiona, Mama?"

"Daktari wangu ananiambia nipumzike. Yule ni daktari au mto wa kulalia?"

Akacheka peke yake, taya likisaga na mdomoni hamna kitu. Siku nyingine Msusi angeliona hilo taya. Leo macho yake yalikuwa yanahesabu milango. Sebule. Chumba chao. Kachumba ka Kidoti.

"Lete kadi," Mama Mkwe akaamuru.

Kadi ilikuwa ya njano, imekunjwa mara nne, ina visanduku tisini. Themanini na nane vilikuwa vimejaa wino wa bluu. Fundi akaichukua, akakijaza cha themanini na tisa mbele ya mama yake, kwa mkono wenye bandeji. Mwandiko mzuri, wa kupendeza. Mkono haukutetemeka hata chembe.

Na usidhani kliniki ilizembea. Siku ya kwanza walimpima Fundi kabla ya kumkubali awe mdhamini. Alikuwa safi kama maji ya mvua. Wapishi wengine chakula chao hawakionji.

Mama Mkwe akahesabu visanduku kwa ncha ya kalamu. Vyote. Akavua miwani.

"Nilisema hutafika kumi."

"Najua, Mama. Ulisema mbele ya watu."

"Nilisema. Sasa nasema hivi, na sirudii. Hiyo siku moja iliyobaki haina maana. Mtoto alale hapa leo."

Kwa siku themanini na tisa Msusi aliiombea sentensi hiyo. Aliiombea akikung'uta taulo saluni, akiosha vitana, akisuka vichwa vya watu waliokuwa wakifunga pochi zao anapokaribia. Sasa imetamkwa, na akatamani imrudie aliyeitoa.

Kidoti hakungoja maelezo. "Kitanda changu!" Miguu midogo ikakimbia ukumbini.

Kisha sauti yake ikatoka kachumbani.

"Mama! Friji inanuka kama bafu!"

* * *

Asubuhi ile friji ya mteja ilikuwa barazani. Sasa ilikuwa kachumbani, ubavuni mwa kitanda cha Kidoti, imefungwa utepe mpana wa kahawia mizunguko mitatu. Dirisha la kachumba lilikuwa limebanwa. Kidoti alikuwa amesimama mbele ya friji, sungura kwapani, akisugua macho kwa ngumi.

Ukucha wake mmoja ulikuwa umeanza kubandua utepe.

Msusi alimnyakua kabla hajauliza kitu. Akarudi naye nyuma mpaka ukumbini, akaufunga mlango kwa kisigino.

"Mama, mtoto halali hapa."

Mama Mkwe akakodoa macho. "Umesemaje?"

"Halali hapa. Leo wala kesho. Wala wewe usiendelee kukaa humu. Tutoke nje."

"Nilijua!" Mama Mkwe akapiga kiganja kwenye daftari. "Nilijua mimi! Umejaza kadi nzima, mtoto anapewa, unamkataa! Mwanamke wa namna gani wewe?"

"Ndani ya friji ile kuna kioo, Mama. Na vitu vya kupikia. Baba Kidoti anapika humu ndani."

Mama Mkwe akamgeukia mwanawe.

Fundi hakukasirika. Hapo ndipo Msusi alipoogopa kweli. Fundi alimsikitikia. Aliinamisha kichwa upande, akashusha sauti, kama mtu anayeongea na mgonjwa wodini.

"Mama, usimkasirikie. Ni arosto hiyo. Nesi alitutahadharisha, siku za mwisho mwili unadai, mtu anaanza kuona vitu. Juzi kasuka deki. Leo anaona wapishi kwenye friji."

"Mimi sioni vitu!"

"Unaona, Mama? Anapiga kelele."

Jamani. Kila neno alilosema Msusi lilikuwa kweli, na kila neno lilimfanya aonekane amerukwa na akili. Kila neno alilosema Fundi lilikuwa uongo, na alionekana kama mume wa kuigwa.

Mama Mkwe akanyoosha mikono. "Nipe mtoto."

"Mama, nakuomba."

"Nipe mjukuu wangu, tuondoke. Na kesho nitamwambia Nesi haya kwa mdomo wangu."

"Basi fungua friji," Msusi akamgeukia mumewe. "Si ni friji tu? Watoe nje kwanza, uifungue."

"Gesi inavuja. Nikifungua nitawadhuru watu."

"Juzi ulisema gesi yake iliisha mwezi jana."

"Imevuja nyingine." Akamtazama mama yake, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Tusiendelee, Mama. Tunamchosha bure."

Kidoti akakohoa. Kikohozi kidogo, kikavu. Msusi akamkumbatia, na katika kumkumbatia wazo likamjia. Wazo lenyewe lilikuwa la kitoto kabisa.

"Sawa," akasema. "Labda kweli naona vitu. Kama kachumba hakana neno, Mama aingie akae humo. Dirisha limefungwa hivyo hivyo, mlango umefungwa. Kwenye kiti, karibu na friji. Dakika kumi tu. Akitoka mzima, namkabidhi mtoto na kadi, na kliniki narudi kwa miguu yangu."

"Lete kiti," alisema Mama Mkwe.

Hakuwahi kukimbia jaribio lolote maishani mwake. Alikuwa ameshashika kitasa cha mlango wa kachumba.

"Mama, hamna haja," akasema Fundi.

"Lete kiti nimesema."

"Mama, kuna joto humo."

"Ni joto gani lisilonijua? Kiti!"

"Mama!" Fundi akaruka, akaushika mkono wake juu ya kitasa. Sauti ilikuwa imebadilika. Upole wote umekwisha. "Usikae humo. Tafadhali, Mama. Usiingie."

Mama Mkwe akautazama mkono wenye bandeji uliokuwa juu ya mkono wake. Akapandisha macho taratibu mpaka kwenye uso wa mwanawe. Kwa miaka thelathini na nne walikuwa wamesimama mbele yake watoto wa kila aina, wakisema mbwa amelila daftari, wakisema saa ya nyumbani imesimama. Uso huu aliujua. Ila hakuwahi kuuona kwenye kichwa alichokizaa mwenyewe.

"Mimi nisikae dakika kumi," akasema polepole, "mjukuu wangu alale usiku kucha?"

Fundi akautazama mlango wa kachumba, akarudisha macho sakafuni. 

"Nimekuuliza swali."

 Fundi akaachia mkono.

Mama Mkwe akachukua kibegi chake. Akachukua kadi ya njano mezani. Mlangoni akasimama, bila kugeuka.

"Kwenye daftari langu nilikuwa nimekuandika wewe mfano bora," akasema, akatoka.

* * *

Barabarani Msusi alimpigia Nesi, na Nesi akawapigia zimamoto. Maagizo yalikuja mafupi. Asirudi mtu ndani. Wasiguse friji, wasibandue utepe, wasiwashe wala kuzima taa. Majirani watoke. Mtoto aletwe kliniki sasa hivi na nguo alizovaa zivuliwe mlangoni.

Dobi wa nyumba ya pili alitoka na pasi mkononi. "Kuna nini, Mama Kidoti?"

"Tokeni nje wote, kaka. Kwetu kuna makemikali, yanaweza kulipuka."

"Kumbe! Mimi nilidhani mmehamia kwenye biashara ya sabuni. Mke wangu alikuwa anasema, wale wenzetu ni wasafi mno."

Kliniki ilikuwa mitaa mitatu mbele. Kidoti alioshwa kichwa hadi vidole, akavishwa shati la wagonjwa lililomfika kwenye visigino, akajiona malkia. Daktari alimsikiliza kifua, akammulika macho. Akasema hali si mbaya, wamemwahi, ila abaki karibu wamwangalie mpaka jioni. Msusi alikaa kwenye benchi akainamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akalia. Alilia haraka haraka, kama mtu mwenye mteja anayemngoja.

Kisha wakaitwa kwa Nesi, Kidoti nyuma yao na shati lake.

Nesi huyu ana meno meupe, yaliyopangika, yote ya bandia. Ya kwake yalimalizwa na kioo kabla hajaacha, miaka kumi na moja iliyopita. Mgonjwa mpya akiingia humvulia meno, akayaweka mezani, akasema kwa ufizi, "Haya, tuanze."

Leo hakuyavua. Aliifungua kadi ya njano, akachukua rula, akachora mstari kutoka kona hadi kona.

"Nasikitika, mdogo wangu. Unajua sheria."

"Najua."

"Inafutwa nini?" Mama Mkwe akaruka. Alikuwa bado amesimama. "Mtoto kafanya mtihani, msimamizi ndiye mwizi, unamfelisha mtoto?"

Msusi akageuka kumtazama, asiamini masikio yake.

"Sahihi zinaithibitisha nyumba, Mama," Nesi akajibu. "Na nyumba haikuwa safi hata siku moja. Mkojo ndio unaomthibitisha yeye. Huo tumepima kila wiki, mara kumi na mbili, na wote ulikuwa safi. Tutapima na wa leo."

"Kwa hiyo siku zake anazo?"

"Mwilini anazo zote. Hakuna rula inayozifikia. Kwenye kadi ndiyo anaanza upya. Ahamie nyumba nyingine, apate mdhamini mwingine, tunaanza kuhesabu."

"Na Kidoti?" Msusi akauliza.

Nesi akaweka rula chini. "Kadi ikijaa."

Siku tisini nyingine. Msusi akaangalia mikono yake. Hamu ilikuwa imekuja, imekaa naye kwenye benchi, imemsogelea bega kwa bega. Akatoa uzi mwekundu kwenye mkoba, akaanza kusuka.

"Mdhamini anatakiwa aweje?" aliuliza Mama Mkwe.

"Ndugu wa karibu, mwenye nyumba yake, mwenye kipimo safi."

"Mimi."

"Mama..." akaanza Msusi.

"Nyamaza. Sijamaliza kukukasirikia. Ile deki bado sijakusamehe." Akaigeukia meza. "Utahamia kwangu. Utalala chumba kimoja na mwanao, nitawaona wote wawili. Hiyo kadi mpya iko wapi?"

"Kipimo kwanza," akasema Nesi, akamsogezea kikombe kidogo cha plastiki chenye kifuniko.

Mama Mkwe akakitazama kama kimemtukana. "Mimi?"

"Kila mdhamini, Mama. Hata mkuu wa wilaya akija."

"Miaka thelathini na nne nasahihisha mitihani ya watu. Leo nasahihishwa kwenye kikombe!"

Lakini akaenda. Msusi naye akaenda. Wakarudi na vikombe viwili, wakaviweka mezani bila kutazamana, kama wanawake wawili waliokutana dukani wakinunua kitu kile kile cha siri.

Nesi akachovya vipimo. Akangoja. Msusi akasuka. Mama Mkwe akaifuta meza ya Nesi kwa leso.

"Cha Msusi ni safi."

"Najua," akasema Mama Mkwe. "Endelea."

Nesi hakuendelea. Alikiinua kile cha pili kwenye mwanga wa dirisha. Akakishusha, akachukua kipimo kingine kipya, akachovya tena. Wakangoja tena. Safari hii leso ilipunguza mwendo.

"Mama, kuna dawa yoyote unayotumia?"

"Ya magoti tu."

"Naweza kuiona?"

Mama Mkwe akaitoa kibegini. Nesi akaizungusha chupa, akatafuta karatasi isiyokuwepo.

"Nani amekuandikia?"

"Mwanangu."

"Ni daktari?"

"Ni fundi friji."

Akalisikia jibu lake mwenyewe. Mnajua ukimya unaoingia darasani mwalimu akikosea hesabu ubaoni? Huo ndio uliokuwepo chumbani.

Msusi sasa aliliona taya. Aliona kilo tisa zilizotoka mashavuni. Aliyaona yale mapazia yanayofuliwa usiku, ile meza inayofutwa mara tatu, mtu asiyekaa, asiyekula, asiyelala. Alikuwa amemtazama mwanamke huyu miezi miwili na hakumwona, kwa sababu muda wote alikuwa na shughuli ya kutazamwa.

"Mama," alisema Nesi kwa upole, "maabara watahakikisha. Lakini nimepima mara mbili. Una kioo mwilini."

"Mimi?"

"Najua hukujua."

"Mimi situmii vitu hivyo. Mimi nawakaripia wanaotumia!" Akamgeukia Msusi, na uso ulikuwa unatafuta pa kujificha. "Nilidhani ni afya. Nilijisifu kwa watu. Nilisema, mwone huyu, ana umri wa kuwa binti yangu na hana nguvu zangu."

Akakaa. Kwa mara ya kwanza tangu afike, Mama Mkwe akakaa. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, kile cha mbele ya meza, ambacho Msusi alikikalia siku ya kwanza akiwa na midomo iliyopasuka. Akaweka mikono juu ya magoti ambayo, nayo maskini, hayakuwahi kutibiwa.

Msusi angeweza kusema mengi. Alikuwa na siku themanini na tisa za maneno. Kulikuwa na lile la mbele ya watu. Kulikuwa na lile la krismasi ya... basi, tuyaache.

Akakata nyuzi tatu ndefu, akazifunga fundo, akazitia mikononi mwa mkwewe.

"Shika, Mama. Wa kulia upite juu ya wa katikati. Halafu wa kushoto juu ya wa katikati."

"Sijawahi kusuka. Mimi ni wa kusukwa."

"Leo utasuka. Usiwaze kesho. Wa kulia, juu."

Uzi mmoja ukapita juu ya mwingine, vibaya, umelegea, kama kazi ya mtoto wa darasa la kwanza. Mama Mkwe akaukagua. Hakuandika kitu.

"Na mimi," akauliza, macho yakiwa kwenye uzi, "nani atanitilia sahihi?"

Nesi akafungua droo, akatoa kadi mbili za njano. Akaziweka sambamba. "Nyumba unayo mwenyewe, Mama; kilichobaki ni ndugu wa karibu mwenye kipimo safi. Humu chumbani yumo mmoja."

Akamsogezea Msusi kalamu.

Msusi akaipokea. Kisha akasogeza kadi ya mkwewe, akatafuta kisanduku cha kwanza. Ya kwake mwenyewe ilibaki tupu pembeni, haina mdhamini. Akaanza kuandika.

Kibegi cha Mama Mkwe kikaanza kuimba.

Kidoti, ambaye kwake simu inayolia ni mali ya aliye karibu nayo, alikuwa ameshaitoa na kuiweka sikioni kabla mtu hajanyoosha mkono.

"Baba! Nimevaa gauni la daktari!"

Wote watatu wakageuka.

"Niko na Bibi. Ndiyo. Bibi anasuka." Akasikiliza. Akakunja uso kama anayebebeshwa mzigo mzito wa kukumbuka. "Baba anapumua kama anakimbia. Anauliza, Bibi amemeza zile za chupa mpya?"

Kalamu ikasimama katikati ya sahihi.

"Mwambie amemeza mbili," Nesi akasema, tayari amesimama, tayari anaifungua chupa na kumwaga vidonge kwenye kiganja chenye glavu. "Saa ngapi, Mama? Ulimeza saa ngapi?"

"Mbili, Baba," Kidoti akaripoti. Akasikiliza tena, muda mrefu zaidi. Akashusha simu kifuani, akamtazama bibi yake.

"Baba analia. Anasema hiyo siyo ya magoti. Anasema alichanganya chupa."

Mama Mkwe akafungua mdomo kujibu. Nyuzi tatu zikamponyoka mkononi, na kabla hazijafika sakafuni yeye naye akaanza kuteleza kutoka kwenye kiti.